Kuparamia si kupanda, wasee

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo tubishane kuhusu neno moja tu: kuparamia.

Huku kwetu kila kitu ni kupanda. Unapanda mahindi, unapanda boda, unapanda Got Asego, na bei ya unga nayo inapanda. Nadhani Dholuo imechangia, juu ukishasema "idho" umemaliza: mlima, mti, gari, zote ndani. Sawa tu. Lakini Kiswahili kina maneno zaidi na tumeyaacha yalale kwenye kamusi. (Niliacha chuo, kamusi sikuiacha.)

Kukwea ni kwenda juu ukijua mguu unafuata wapi. Kudandia ni kurukia gari ambalo halikukualika, mara nyingi bila nauli. Kuparamia sasa ni ile ya kushika chochote, goti mbele, tumbo limelalia gome, viatu vinateleza na bado unalazimisha. Angalia mtu akitoroka mbwa: ukuta haupandi, anauparamia.

Mbona nasumbuka na neno? Nenda Awendo ama Ndhiwa siku malori ya miwa yanaelekea kiwandani. Watoto wametoka shule, lori linapunguza mwendo kwa tuta, mbio hao! Wanaliparamia kutoka nyuma wavute muwa. Hakuna ngazi, hakuna pa kukanyaga, trela linayumba. Mtoto akianguka utasikia watu wazima: "Alipanda lori." Alipanda? Kana kwamba alikata tiketi akaonyeshwa kiti! Hilo neno linaficha mwendo, utelezi, magurudumu ya nyuma, na dereva ambaye hawezi kumwona. Ukisema aliparamia, picha yote inakuja, na mtu lazima aulize nani alikuwa anaangalia.

Kwa habari utalisikia pia: gari limepoteza mwelekeo, limeparamia pikipiki. Ni lile lile, kitu kimepanda juu ya kingine bila mpango. Hata sisi watu wa kamera tunaparamia mada. Mtu ameona sekunde 10 za video, tayari ana maoni ya dakika 5.

Kuna msee ataniambia hicho ni Kiswahili cha Mombasa, hakituhusu. Buda, miwa ni ya wapi? Watoto ni wa nani? Kesho ukiona mmoja ananing'inia nyuma ya trela, usimwambie "usipande", ashapita hapo. Piga kelele dereva asimame.