Ufito wa Lodwar na Deni la Samaki wa Kwanza



Katika safu hii tumekwisha kuzungumza juu ya ushonaji wa kofia, ususi wa mikeka na utunzaji wa bustani ndogo za uani. Leo naomba ruhusa niwaletee kazi ambayo wengi wenu mtasema si ya nyumbani, wala si ya mama: kutengeneza ufito wa kuvulia samaki. Nayaandika haya nikiwa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ambako mume wangu ameletwa na kazi, nasi watu wa nyumba yake tukamfuata. Huu ni mwaka wetu wa tatu katika mji huu wa jua na vumbi.

Sisi wa pwani hatukulelewa na ufito. Mvuvi wetu hukaa chomboni, mshipi ameuzungusha kidoleni, na kidole ndicho kimpacho habari za chini ya maji. Lakini asiyekuwa na chombo, naye amesimama ufuoni, mshipi wa mkono haumfikishi mbali. Hapo ndipo ufito unapohitajika: huurusha mshipi mbele ya matete, na unapopinda humchosha samaki badala ya kuuacha mshipi ukatike. Zamani watalii walikuwa wakija kwa ndege ndogo hadi Ghuba ya Ferguson, katika Ziwa Turkana, ili wavue sangara kwa fito za namna hiyo. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 250 katikati ya jangwa, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Kutoka Lodwar hadi Kalokol, karibu na ufuo wa magharibi, ni kiasi cha kilomita 60.

Jambo lenyewe lilianza katika likizo ya Desemba. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa hana pa kwenda. Jua la Lodwar humfungia mtu ndani tangu saa nne hadi saa kumi, na saa hizo zote alizila kwa simu. Siku moja alinionyesha picha ya ufito wa dukani akaniambia, "Mama, huu babaangu hawezi kuninunulia." Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Neno hilo lilinichoma. Nikamjibu, "Basi tuutengeneze."

Wala sikujua namna ya kuutengeneza. Tulianza kwa mwanzi. Mwanzi hauoti Lodwar, hivyo tulimwomba dereva wa lori atuletee kutoka Kitale. Akatuletea miwili. Wa kwanza niliuharibu mwenyewe: niliuanika juani nikidhani utakauka upesi, na siku ya tatu ulipasuka tangu shina hadi ncha. Wa pili tuliulaza kivulini, chini ya kitanda, majuma matano. Ulipokauka tuliupitisha juu ya jiko la makaa, tukiugeuza-geuza bila kuuunguza, na kila palipokuwa na kombo tulipanyosha kwa kitambaa kinene kingali na joto. Kisha tukausugua kwa msasa. Ulibaki na urefu wa sentimita 240.

Kila ufito una upande wake inaoupenda kupinda. Kuujua, simamisha shina sakafuni, shika ncha kwa mkono mmoja, bonyeza katikati kwa kiganja cha mkono wa pili huku ukiuzungusha. Utahisi unaruka na kutulia upande mmoja. Upande huo utie alama ya kalamu, maana ndiko pete za kupitishia mshipi zitakakofungwa. Ukizifunga upande mwingine, ufito utajisokota mkononi samaki anapovuta.

Kigurudumu cha kukunjia mshipi tulitumiwa na mjomba wake kutoka Mombasa, kwa basi. Ama pete, hatukuzipata. Ndipo mume wangu, aliyekuwa na safari ya kikazi kwenda Kakuma, akamchukua mtoto pamoja naye.

Kakuma iko kiasi cha kilomita 120 kutoka hapa, kaskazini-magharibi. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na leo wamo humo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Mto wake, Tarach, aghalabu ni mchanga mtupu, ila siku mvua inaponyesha. Si mahali ambapo mtu angetafuta fundi wa vyombo vya uvuvi. Lakini mtoto alipokuwa akiulizia spoki kuukuu kwa fundi wa baiskeli, apate kuzikunja ziwe pete, yule fundi, mzee wa Kongo kutoka Uvira, alimwuliza za kazi gani. Alipoambiwa, aliweka koleo chini. Alikuwa amezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika na kuvua migebuka tangu utoto.

Kazi ile aliifanya mwenyewe. Alikunja pete nne, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, na ya tano ya kuvalia nchani. Alimfundisha mtoto kulainisha ndani ya pete kwa tupa nyembamba, kisha kwa msasa, kisha kupitisha kipande cha pamba. "Pamba ikishika nyuzi, pete ingali na meno," alimwambia. "Meno hayo utayaona siku samaki mkubwa atakapovuta." Mume wangu alipotaka kumlipa, mzee alikataa. Akasema, "Mtoto yangu, utaniletea samaki wa kwanza."

Njiani mtoto alimwuliza baba yake kwa nini wasimchukue mzee siku ya kwenda ziwani. Baba yake alimweleza kwamba mkimbizi hatoki kambini kwenda mbali ila kwa karatasi ya ruhusa, na ruhusa haitolewi kwa ajili ya kwenda kuvua. Mtoto hakuuliza tena hadi Lodwar.

Kazi ya kufunga pete ilikuwa yangu, kwa kuwa mwenye kujua uzi na sindano ndiye anayeiweza. Kutoka kigurudumu hadi pete ya kwanza tuliacha sentimita 65, kisha 50, 40, 30, na 15 za mwisho kufikia ncha. Yaani pete hukaribiana kadiri ufito unavyokuwa mwembamba. Miguu ya pete huchongwa kwa tupa iwe bapa, ili uzi uipande bila kuacha pengo. Chukua uzi wa nailoni, lalia mwanzo wake kwa mizunguko mitano ya uzi wenyewe, endelea kuzungusha kwa kukaza, mzunguko ukigusana na mwenzake. Ikibaki mizunguko sita, laza juu yake kitanzi cha uzi mwingine, kizungushie, kisha ingiza mwisho wa uzi katika kitanzi na ukivute. Mwisho utazama chini na hautaonekana. Ukimaliza, paka vanishi nyembamba mara tatu, kila mara usubiri siku nzima. Sisi tuliuficha ufito nyuma ya kabati, maana vumbi la Lodwar halibishi hodi.

Mpini tulipewa na jirani. Ni mama wa Kiturkana, msusi wa vikapu vya mkoma, ule mti ambao kwao huitwa eng'ol na ambao majani yake sisi pwani huyaita miyaa na kusukia mikeka. Nilimwomba miyaa michache, yeye akauchukua ufito wote na kuusukia mpini uliokaza kama ngozi. Mwanangu kwa furaha akamwambia, "Mama, huu ni wa mchezo tu." Yule mama alicheka kidogo. Akatuambia kwamba zamani kwao aliyevua ni yule aliyefiwa na mifugo. Mwenye ngamia na mbuzi hakushuka ziwani. Babake alishuka baada ya ukame kummalizia wanyama wote, na kwa samaki hao ndiko walikolelewa yeye na ndugu zake. Hakusema kwa kutulaumu. Lakini mtoto alishika kimya, na tangu siku hiyo neno "mchezo tu" sikulisikia tena kwake.

Siku ya kwenda ziwani tulikwenda sote. Asubuhi upepo ulikuwa mkali kiasi cha kutupa mchanga usoni, tukangoja hadi ulipopungua. Ziwa hili lina mamba wengi, na hili nawaambia kina mama wenzangu bila kupunguza neno: mtoto asiende ufuoni peke yake, asitie mguu majini, na asisimame ila pale wavuvi wenyeji watakapomwonyesha. Sisi tulianza kwa kuwauliza wazee wa ufuo, na kijana mmoja wao akasimama nasi muda wote.

Samaki wa kwanza kushika alikuwa mkubwa. Ufito ulipinda upinde kamili, mtoto akapiga kelele, kisha ghafla ufito ukanyooka. Mshipi ulikuwa umekatika. Kijana wa ufuoni aliuvuta, akatuonyesha namna ulivyochanika kama uzi uliopita juu ya kioo. Mwanangu alilia mbele ya watu, na sikumkataza.

Tulifunga ndoana nyingine. Jua lilipokuwa linainama alipata ngege, samaki ambaye wengine humwita sato, urefu wake haukuzidi kiganja na nusu. Alimshika kwa mikono miwili kama amana. Kisha, tulipokuwa tukirudi, akaniambia, "Mama, huyu ni mdogo. Tumle sisi, mzee tutampelekea mkubwa siku nyingine."

Nilikuwa nimechoka, na samaki yule alikuwa freshi, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimekwisha kumwona katika sufuria. Lakini nilimjibu, "Mzee hakusema mkubwa. Alisema wa kwanza."

Usiku ule nilimpasua, nikamtia chumvi, nikamwanika awe ng'onda kama wanavyofanya mama zetu. Alikauka kwa siku mbili tu. Jua la Lodwar lina faida yake. Kisha alingoja kabatini, ndani ya karatasi, hadi safari nyingine ya Kakuma. Mara tatu mtoto aliuliza kama hatuwezi kubadilisha. Mara tatu nilimwambia ahadi ni deni, na kwamba deni la kitu kidogo ndilo jepesi kusahaulika.

Niliyosimuliwa na mume wangu ni haya. Mtoto aliamkia, "Shikamoo, babu," akamkabidhi karatasi. Mzee aliifungua, akamnusa yule ng'onda, akakaa naye mapajani kitambo bila kusema. Kisha aliuliza, "Alivuta namna gani?" Mtoto akamsimulia yote, na wa kwanza aliyekatika pia. Mzee akaomba ufito, akatoa pamba mfukoni, akaipitisha pete ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikashika nyuzi.

"Hii uliipitisha?"

Mtoto aliinama. Pete ya tatu alikuwa ameifanya jioni, akiwa na haraka ya kurudi kwenye simu, na pamba hakuipitisha. Mimi niliyeifunga sikuuliza. Mzee hakumkemea. Alimpa tupa, akamketisha karibu naye, na mtoto akaisugua pete hiyo kwa muda wa saa nzima hadi pamba ikapita safi.

Ndugu wasomaji, wapo watakaoniuliza kama inafaa kumfundisha mtoto kuvua kwa kujifurahisha. Mimi si mwanachuoni, na wenye elimu waulizwe. Ninalolijua ni kwamba samaki ni riziki tuliyohalalishiwa, na kwamba kuua kiumbe ili kumtupa si mwendo wetu. Nyumbani kwetu tumeweka sharti moja: kinachovuliwa huliwa au hupewa mtu, na ufito haushuki ukutani kama hakuna wa kula.

Nimeliona na jambo jingine. Nilidhani nampa mwanangu kazi ya kumtoa kwenye simu. Kumbe kitu kinachotengenezwa nyumbani hakitengenezwi na watu wa nyumba peke yao. Dereva wa Kitale, mjomba wa Mombasa, mama jirani, mzee wa Uvira, kila mmoja ametia mkono wake katika ufito ule, na kila mkono una haki yake. Wa dukani ungekuja umekamilika, bila deni kwa mtu, na mwanangu asingepata kumjua hata mmoja wao.

Sasa ameanza ufito wa pili, wa kijana wa jirani yetu msusi. Mwanzi wake uko chini ya kitanda changu, kivulini, unangoja majuma yake matano. Jana alikuja jikoni, hakuomba simu. Aliomba pamba.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika kutimiza ahadi, na amfungulie kila aliyefungiwa njia. Wabillahi tawfiq.