Thruston alijua Kiarabu, na bado wakamkamata

Niko Malimbe. Umeme umerudi sasa hivi, wacha niandike fasta.

Juzi kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kidato cha tatu, mada ukoloni. Dogo mmoja akauliza: "Mwalimu, askari weusi wa wakoloni si walikuwa wasaliti tu?" Nikamjibu "ndiyo", kengele ikagonga. Nimerudi hosteli sina raha, manake habari ya Meja Thruston nilikuwa nimeshaisoma.

Ni ziwa letu hilihili, ila upande wa Busoga, Uganda, kwenye ngome ya Luba. Septemba 1897 askari wa Kisudani wa Waingereza waligoma kule Eldama Ravine, ambako leo ni Kenya. Walitakiwa waende safari ndefu ya Macdonald kaskazini. Mshahara kiduchu, unalipwa kwa vitambaa, tena unachelewa. Wametoka safari moja wanaingizwa nyingine, familia zibaki nyuma. Wengi walitokana na jeshi la Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Lugard aliwachukua 1891. Bosi mpya, bunduki ileile.

Waasi wakaelekea ngome ya Luba. Thruston aliwajua askari wa Kisudani na alisema Kiarabu, akawahi kwenda ngomeni mwenyewe akiamini walioko pale watamsikiliza. Wakamkamata na kuwafungulia waasi. Wakashikwa pia Wilson, ofisa wa Busoga, na Scott, fundi wa boti ya mvuke.

Tarehe 19 Oktoba waasi wakaivamia kambi ya Macdonald pale jirani, na waliokuwa wakiilinda wengi ni Waswahili (sisi tena, jamani!). Waasi wakashindwa. Ndipo viongozi wao wakaamuru mateka wote watatu wapigwe risasi. Kwa nini? Ili askari wa kawaida wasithubutu kwenda kuomba msamaha. Damu imeshamwagika, urudi wapi?

Mimi hapo ndipo ninapoona mateka hawakuwa watatu. Wale askari walishikwa na Waingereza kwa mshahara usiofika, halafu wakashikwa na wakubwa wao wenyewe kwa risasi tatu. Simtetei mtu aliyeua mateka asiye na silaha, hapana. Na Thruston namwonea huruma, ujasiri alikuwa nao. Lakini jina lake tunalo mpaka leo, na yule aliyesimama mlangoni kumlinda, akidai vitambaa vyake vya miezi kadhaa, ukiniuliza aliitwa nani sina jibu. Kumwita "msaliti" halafu nikafuta ubao ni uvivu wangu tu.

Jumatatu nina kipindi chao tena, cha kwanza asubuhi. Nitaanza kwa kumwambia yule dogo kwamba nilimjibu vibaya. Nyie mnaosoma ualimu, mngemjibuje?