Mlima Usio na Wenyewe

Katika sebule nyingi za Waafrika Mashariki nilizokaribishwa hapa Shakopee, ukutani umetundikwa Mlima Kilimanjaro. Mchoro hutofautiana kwa ukubwa tu. Theluji iko juu, mbuga tambarare iko chini, kati yake mgunga mmoja na tembo watatu. Mtu hayumo. Wenyeji wangu huuita ukumbusho wa nyumbani. Mimi nasema ni tangazo la biashara, tulilolilipia sisi wenyewe.

Mji tunaoishi ungetosha kutufunza. Shakopee ni jina walilorithishana viongozi wa Wadakota. Maana yake ni "sita". Kwa gari, si mbali na hapa, yapo maporomoko ya Minnehaha. Mwaka 1855 Longfellow alimpa mhusika wa utenzi wake jina la maporomoko hayo, ambayo hakuwahi kuyaona. Umaarufu ukaleta watalii, na watalii wakaleta soko la picha. Mwaka 1862 aliyachora hata Robert S. Duncanson, Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Majira ya baridi ya mwaka huohuo, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa chini ya ngome ya Fort Snelling, kilomita chache tu kutoka kwenye maji hayo. Mwaka 1863 sheria ikawafukuza Minnesota. Picha ziliendelea kuuzwa. Jina la Kidakota lilibaki kuwa pambo la bidhaa, wenye lugha wakiwa uhamishoni.

Simtuhumu Duncanson kwa kufukuzwa kwa mtu yeyote. Ninachodai ni kwamba mandhari isiyo na watu humzoesha mtazamaji kuamini kuwa ardhi haina mwenyewe.

Sasa turudi ukutani. Tambarare ile yenye tembo ni sura ya kaskazini, mlima unavyoonekana kutoka Amboseli, nchini Kenya. Upande wa kusini, Wachagga wamepanda vihamba vya migomba na kahawa, wakachimba mifongo ya kuteremshia maji mashambani, kazi ya vizazi na vizazi. Lebo ya bia haihitaji mfongo. Anayeuza safari hahitaji bibi aliyejitwika mkungu wa ndizi; anahitaji kilele cha mita 5,895 na njia iliyo tupu.

Nitaambiwa kwamba mchoraji ana watoto wa kulisha. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza michoro yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wachoraji wetu wamejua kusoma macho ya mnunuzi. Lakini mnunuzi wa leo si mtalii peke yake. Ni mimi na wewe, tunaorudi likizo na kubeba mchoro uliokunjwa ndani ya sanduku.

Basi safari ijayo tumwagize mchoraji atuchoree kihamba, mfongo na wenye mlima. Mtoto aliyezaliwa Shakopee akituuliza nyumbani wanaishi nani, ukuta usimjibu kwamba wanaishi tembo.