Kilebu cha Guniani

Msinitolee macho, wasomaji. Mbwa wa kulinda shamba sheria imemruhusu. Mate yake twayaosha mara saba, moja kwa udongo. Na kwa kuwa sisi Mashafii hatujuzishi kumuuza, fedha nilitoa ili mwenyewe aniachie tu. Kosa langu lilikuwa jingine: kilebu nilimpokea njiani, ndani ya gunia, mama yake nisimwone. Siku ya nne alihara damu, akafa. Nyumbani wakasema kadari. Kadari gani, nami sikuuliza hata umri wake? Wa pili nilimfuata hadi uani kwa mfugaji: wiki nane zimetimia, karatasi ya chanjo ipo, ya kichaa itafuata akifikisha miezi mitatu. Mama mtu alinibwekea hata nikaruka kizingiti. Mwanawe nikamchukua.