Mtoto akipelekwa kwenye theluji: kipi mwilini, kipi kwenye saki, kipi nyumbani



Juma hili tunaenda mbali kidogo na shamba na soko. Karibu kila kikundi chetu kina mama mwenye binti, mdogo wake ao mjukuu anayeishi Canada, Marekani, Uswisi, Ubelgiji ao Ufaransa. Kule, miezi ya baridi ikifika, masomo yanatuma barua nyumbani: siku fulani watoto watapelekwa mlimani kuteleza kwenye theluji kwa ski. Mama aliyekulia Uvira ao Bunia anasoma barua ile mara mbili, kisha anapiga telefone huku kwetu: "Mama, nimuwekee mtoto nini?"

Usimjibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Swali lake unalijua vizuri. Wewe unayepanda gari alfajiri kwenda soko la mbali unajua kwamba feza zinafungwa kwenye ncha ya kikwembe, chakula kinakaa kwenye kikapu, na vitu vya bei kali vinabaki nyumbani. Siku ya ski inafuata sheria ileile. Kuna vitu vya kukaa mwilini, kuna vya kukaa kwenye saki, na kuna visivyotoka nyumbani. Mama akipanga mafungu hayo matatu tangu jioni, mtoto anarudi salama. Akiyachanganya, mtoto anaweza kujikuta juu mlimani na mikono mitupu, na glavu zake ziko chini, ndani ya saki iliyofungiwa.

Siku yenyewe iko hivi

Basi linawashusha watoto chini ya mlima. Hapo kuna nyumba kubwa yenye meza, choo, chakula cha kununua na makabati madogo ya kufungia vitu. Mahali pengine makabati yanalipiwa, mahali pengine kuna rafu wazi tu. Kila mtoto anapewa bote ngumu za plastiki, mbao mbili ndefu za kutelezea, fimbo mbili na kaske ya kichwa. Wadogo wanaoanza mara nyingi hawapewi fimbo. Kisha wanapanda juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, na kushuka wakiteleza. Toka asubuhi mpaka saa kumi, mtoto anaweza kurudi kwenye ile nyumba mara moja ao mbili tu. Kwa hiyo kitu anachokihitaji mlimani lazima kiwe juu yake mwenyewe.

Fungu la kwanza: vitu vya mwilini

Tuanze na ngozi. Nguo ya kugusa mwili isiwe ya pamba, kwa sababu pamba inakunywa jasho na kubaki mbichi, na nguo mbichi kwenye baridi ni hatari. Sufu ni nzuri, hata nguo za michezo zinazokauka haraka. Pantalo ya jinzi iachwe nyumbani kabisa: mtoto akianguka mara tatu, imelowa mpaka jioni.

Wamama wengi, kwa upendo, wanamvalisha mtoto soksi mbili. Mtoeni ile ya pili! Bote ya ski inabana mguu. Soksi mbili zinaibana zaidi, damu haipiti vizuri, na vidole vinapata baridi kuliko kama angevaa moja. Soksi moja ndefu ya sufu, inayopita juu ya bote, inatosha.

Glavu nzuri kwa mtoto ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na kidole gumba peke yake. Vidole vinapeana joto. Mama apitishe kamba ndani ya mikono ya koti, kutoka glavu moja mpaka nyingine, ili mtoto akizivua zisianguke. Shingoni avae kitambaa cha mviringo kinachoingia kwa kichwa. Skafu ndefu inayoning'inia haifai, na sababu yake tutaiona mbele.

Machoni, miwani ya theluji. Usiseme kwamba ngozi yetu nyeusi imezoea jua. Theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma, na macho hayana rangi ya kuyakinga. Mafuta ya kukinga jua yapakwe usoni, na midomo ipakwe yake, kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa mifuko ya koti. Kadi ya kupandia viti ikae peke yake kwenye mfuko mmoja wa nje wenye zipu, mara nyingi wa kushoto. Mlango wa viti unaisoma kadi ile kupitia nguo, na ikikaa pamoja na telefone ao kadi nyingine inaweza kukataa kusoma. Telefone, kama mwalimu ameiruhusu, ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, maana baridi inamaliza betri haraka. Kwenye mfuko mwingine kiwekwe kikaratasi ndani ya plastiki, chenye jina la mtoto, jina la masomo na namba ya mama. Mtoto akipotea ao akiumia, anaweza kusahau namba. Karatasi haisahau. Hata kipande kidogo cha kula kinafaa kukaa mfukoni, maana njaa inaongeza baridi.

Dawa nazo ni za mwilini. Mtoto mwenye asma asiache dawa yake ya kuvuta kwenye saki. Ikae mfuko wa ndani, kwa sababu mtu hakabwi na asma akiwa karibu na kabati lake. Tena dawa ile ikiwa baridi sana haitoki vizuri.

Neno kwa wamama wenye mtoto wa SS

Hapa tusimame kidogo. Kwetu Congo ugonjwa wa SS uko katika familia nyingi, na unasafiri pamoja nasi. Baridi, kiu, uchovu na mlima mrefu vinaweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto wa SS. Kwa hiyo mama asitie sahihi barua ile kabla ya kumuuliza daktari wa mtoto. Daktari akikubali, mwalimu aambiwe waziwazi, mtoto avae vizuri, anywe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu, na aingie ndani kupumzika kabla hajachoka. Daktari akikataa, mtoto abaki, bila haya wala kufichaficha. Kuna mama anayenyamaza kwa kuogopa kwamba walimu watamdharau mtoto. Wamama, mwalimu asiyejua hawezi kusaidia. Ugonjwa huo usemwe mapema, ili usije ukajisema wenyewe mlimani.

Fungu la pili: vitu vya saki

Saki inabaki chini, ndani ya kabati ao kwenye rafu. Ndani yake wekeni:
- glavu za pili na soksi za pili, ndani ya plastiki ili zikae kavu;
- shati la kubadilisha saa sita, maana jasho la asubuhi ni baridi ya mchana;
- chakula na maji, na chai ya moto ndani ya termosi kama mtoto anajua kuifungua;
- plastiki tupu ya kubebea nguo zilizolowa;
- viatu vyake vya kawaida, akishavaa bote.

Saki iandikwe jina, na ifungwe kitu cha kuijulisha. Kipande cha kikwembe kwenye mkono wa saki kinatosha: katikati ya saki hamsini nyeusi, mtoto ataiona yake toka mbali. Kama kabati linafungwa kwa ufunguo, ufunguo usikae mfuko mmoja na kadi ya viti, maana kila akitoa kadi anaweza kuuangusha kwenye theluji, na kitu kidogo kilichoangukia theluji hakipatikani. Watoto wawili ao watatu wanaweza kutumia kabati moja, na mwalimu ashike ufunguo.

Je, saki ndogo ya mgongoni inaweza kupanda naye juu? Kwa mtoto anayeanza, hapana. Vile viti havisimami kwa muda mrefu. Mtu anakaa upesi na kutoka upesi, na kamba yoyote inayoning'inia inaweza kunaswa. Mwezi wa kwanza mwaka 2017, huko Arapahoe Basin, jimbo la Colorado, Marekani, mtu mzima alitaka kushuka kwenye kiti, na saki yake ikanaswa. Kiti kikaendelea, kikamvuta, akaning'inia hewani huku kamba ikimkaba shingo mpaka akapoteza fahamu. Alipona kwa sababu kijana mmoja alipanda nguzo, akapita juu ya kamba ya chuma mpaka kwenye kiti, akaikata kamba ile kwa kisu. Ndiyo maana skafu ndefu tumeikataa. Na mtu mkubwa anayelazimika kupanda na saki aivue mgongoni kabla ya kukaa, aishike mbele juu ya mapaja.

Mbao, fimbo na bote

Mbao za ski ni nzito na nyembamba, na mtoto akigeuka nazo vibaya anampiga mwenzake usoni. Mtu mkubwa anaziweka pamoja, anazibeba begani, ncha za mbele zikiangalia mbele, na mkono mmoja ukizishika. Fimbo zinakaa mkono mwingine. Mtoto mdogo azikumbatie mbele ya kifua, zikiwa zimesimama. Bote za ski zinateleza sana kwenye sakafu na ngazi, kwa hiyo atembee polepole, kisigino kikitangulia.

Saa ya kula, mbao zinaachwa nje kwenye vyuma vya kuziegemeza. Huko wizi upo, lakini mara nyingi mtu anachukua za mwenzake bila kujua, kwa sababu mbao za kukodisha zinafanana. Kila kifaa cha kukodisha kina namba: mtoto aijue, ao mkubwa aipige picha. Kuna na akili moja ya wazoefu: wawili wabadilishane, ubao mmoja wa huyu na mmoja wa yule viachwe mahali pamoja, na vile viwili vingine mbali kidogo. Anayetafuta mbao za kuiba hapendi zisizofanana.

Fungu la tatu: vitu vya kubaki nyumbani

Mikufu, bangili na herini ndefu zibaki. Feza nyingi zibaki, mtoto apewe kidogo ya kununua kitu cha moto. Michezo ya umeme ibaki. Na kitambulisho cha asili ao karatasi za ukimbizi zisipelekwe mlimani, isipokuwa masomo yenyewe yameziomba. Kama yameomba kopi, peleka kopi.

Kuhusu bei na haya

Tunajua kinachomkosesha mama usingizi si kabati. Ni bei. Koti la theluji ni la bei kali, na mtoto anakua kila mwaka. Hapo wamama wa kwetu wafanye kama tunavyofanya kwenye likelemba: familia tano zinunue nguo zilizovaliwa tayari, makoti, glavu, miwani, na kuzizungusha. Siku za ski hazifanani kwa masomo yote, na koti moja linaweza kuvaliwa na watoto watatu katika majira mamoja. Tena mama aulize masomo kabla ya kununua: mara nyingi mbao, bote na kaske vinakodishwa pamoja na safari, na walimu wengi wanajua mahali pa kuazima nguo. Kuomba koti hakumpunguzii mama heshima, na kunamzuia mtoto asirudi na vidole vilivyoumia.

Vidole vyenyewe mtoto afundishwe kuviangalia. Kidole, pua ao sikio likifa ganzi ao likibadilika rangi, likawa jeupe ao la kijivujivu, aingie ndani upesi na kumwambia mwalimu. Kwenye ngozi yetu weupe huo unaweza kuwa mgumu kuuona, kwa hiyo ganzi ndiyo alama ya kuamini. Asipasugue, na hasa asipasugue kwa theluji.

Jioni akirudi, mama amwage saki yote chini. Nguo zitandazwe zikauke, bote zisiachwe kwenye baridi kama ni za nyumbani, na vitu vihesabiwe. Glavu iliyobaki basini leo inaweza kupatikana kesho asubuhi. Baada ya juma moja itakuwa ya mtu mwingine.

Kazi ya kikundi juma hili: kila mama mwenye mtu wake katika nchi za baridi amsomee ukurasa huu kwa telefone, polepole, na amuulize swali moja tu: "Dawa ya mtoto inakaa mfuko gani?" Akisita kujibu, rudieni pamoja fungu la kwanza.

Mbaki salama, wamama. Tuonane juma lijalo.