Ukiona FAIL kwenye skrini, usikimbilie kuruka

Saa nane usiku. Feni ya laptopu inanguruma kama bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili, na skrini imejaa neno moja tu: FAIL. Nilihesabu hadi arobaini nikachoka. Saa kama hizo ndipo kichwa hukuambia, manze, wachana na haya majaribio, songa mbele.

Nilikuwa najenga Linux yangu mwenyewe kutoka kwa msimbo wake, nikifuata kitabu cha Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka wa 1999. Kitabu ni cha bure. Hapa hupakui mfumo ulioiva. Unachukua vipande vibichi kama kompaila ya GCC na maktaba ya Glibc, unavijenga kimoja baada ya kingine hadi mashine iwake kwa kazi ya mikono yako. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini kwa kozi hii hakuna wa kunifungia mlango.

Vipande vingi huja na majaribio yake. Unaandika make check, halafu kompyuta inajikagua. Kwa mashine kuukuu, GCC peke yake inaweza kula usiku mzima, ndiyo maana wengi huruka. Lakini kwa Glibc kitabu hakina mzaha: majaribio yake hayarukwi, kwa sababu karibu kila programu kwenye mfumo huiegemea.

Sasa, zile FAIL arobaini hazikuwa kosa la Glibc. Zilikuwa za stima. Jioni hiyo ilikuwa imepotea ploti nzima, na betri ya laptopu yangu ya ex-UK haifikishi dakika kumi. Iliporudi, niliingia tena kwenye chroot, yaani kile chumba cha ndani ambamo mfumo mpya hujengwa, nikasahau kwamba /dev, /proc na /sys lazima ziunganishwe upya kila mara mashine ikizimwa. Jaribio linatafuta kitu ndani ya /dev/shm, halikipati, linafeli. Kosa ni la nyumba, si la mgeni.

Halafu kulikuwa na shida ya saa. Kile kibetri kidogo kinachotunza saa kwenye ubao kilikufa kitambo, na bando lilikuwa limeisha, kwa hivyo mashine iliamka ikidhani tuko miezi kadhaa nyuma. Programu ya make huangalia muda wa faili ili ijue kipi kimebadilika. Ikikuta faili zimeandikwa “kesho” inaonya kwamba saa imepinda na kazi huenda haijakamilika. Onyo hilo lilikuwa juu kabisa ya logi, mistari mingi kabla ya FAIL ya kwanza. Sikuwa nimesoma huko.

Nilirekebisha saa, nikaunganisha zile folda, nikafuta folda ya ujenzi na kuanza upya. Zikabaki FAIL nne. Moja, io/tst-lchmod, kitabu chenyewe kinasema hufeli ndani ya chroot, kwa hivyo hiyo haikuninyima usingizi. Mbili ziliishiwa na muda tu, mashine ni ya pole. Nikarudia na TIMEOUTFACTOR=10, zikapita.

Kwa nini nakusumbua na haya yote? Kwa sababu ya Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kumekuwa kukichukua karibu nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungelaumu mtandao. Yeye alikumbuka pia malalamiko ya Valgrind, chombo cha kukagua kumbukumbu, aliyoyaona wiki kadhaa awali. Akachimba, na tarehe 29 akatangaza kwamba xz, programu ya kubana faili iliyo karibu kila Linux, imewekewa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Sehemu inayonitia baridi ni mahali ulipofichwa: ndani ya faili za majaribio. Aliyeuweka, mtu wa jina Jia Tan ambaye hadi leo haijulikani ni nani hasa, alijenga imani kwenye mradi huo tangu 2021. Na Valgrind ilipoanza kulalamika, toleo la 5.6.1 lilikuja na maelezo kwamba onyo hilo ni la uongo, mambo ya GCC tu. Angalia ujanja huo: alijua tumezoea kuambiwa “hiyo FAIL ni kawaida” na kuitikia sawa. Kujenga mwenyewe kutoka kwa msimbo pia hakukuwa kinga, maana mtego ulikuwa kwenye kifurushi kinachopakuliwa na uliamka wakati wa kujenga. Ulilenga wanaotengeneza vifurushi vya deb na rpm, kwa hivyo sisi wa Linux From Scratch tungeponea kwa bahati, si kwa akili.

Na mimi sina usafi wa kumcheka mtu. Mwaka jana nilifuta jaribio lililokuwa likifeli kwenye mfumo wa mauzo wa duka fulani, ndio kazi iishe Ijumaa nilipwe. Lilikuwa la kurejesha pesa. Wiki mbili baadaye mwenye duka akanipigia simu: mteja amerudishiwa pesa mara mbili. Nililipa kutoka mfukoni, na simu yake nyingine sijaipata hadi leo.

Ile FAIL ya nne ingali inafeli. Kitabu hakiitaji popote. Nimesoma logi yake mara tatu na bado sijaielewa, kwa hivyo sijagusa kipande kinachofuata. Tokeni zikiingia leo jioni, naendelea nayo.