Mwalimu Si Adui Yenu
Wazazi wa mtaa wetu wamegawanyika juu ya shule ya msingi ya serikali. Mmoja anaisifu: mtoto wake wa gredi ya tatu anasoma gazeti. Mwingine anasema hapo ni kupoteza mtoto, wake akampeleka akademi ya mabati isiyo na hata uwanja. Eti angalau kuna basi!

Sawa, madarasa yamejaa, siwezi kataa. Nilisoma hapo, tukibanana watano kwa dawati. Lakini serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mara nyingi huchelewa. Haifiki hata bob nne kwa siku. Alafu mnamtusi mwalimu? Mkutano wa wazazi ukiitwa, wenye mdomo hawaonekani. Wasee, hizo kelele pelekeni kwa mbunge.